Jirani yetu kutoka Burkina Faso anatishiwa kurudishwa kwao: tuanzie wapi?

Mkaazi wa Kisauni

Ndugu zangu, salamu. Mtaani kwetu yupo kijana wa Kifulani kutoka Djibo, kaskazini mwa Burkina Faso, mji uliozingirwa na wapiganaji tangu mwaka 2022. Anashona kanzu katika duka moja la Majengo, na watoto wetu humwita mjomba. Majuzi alikamatwa katika msako, akaambiwa kwamba barua yake ya kuomba hifadhi imepitwa na wakati na kwamba atasafirishwa, kama si kwao basi nchi ya jirani na kwao. Barua hiyo nimeiona kwa macho yangu: imechakaa kwenye mikunjo, na muhuri umefifia hata tarehe haisomeki. Majirani tumechanga fedha, na imamu yuko tayari kuandika barua ya kumthibitisha. Wapo wanaotaka tuandamane, na wapo wanaosema tuuendee ubalozi wa nchi yake umtetee. Naomba ushauri wa wanaojua, kwa sababu tunaogopa kumponza huku tukidhani tunamsaidia.

Wakili mstaafu, Tononoka

Ndugu yangu, ubalozini msiende kabisa. Mtu anayeikimbia nchi yake hapelekewi habari zake kwa serikali ya nchi hiyo hiyo. Isitoshe, ubalozi ndio unaotoa hati ya safari ambayo bila hiyo ni vigumu kumsafirisha mtu asiye na pasipoti.

Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya kinataka aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuwasiliana na wakili, na afikishwe mahakamani katika muda wa saa 24, au siku ya mahakama inayofuata iwapo saa hizo zimeishia nje ya saa za kazi. Ikiwa bado yumo mahabusu na hajafikishwa popote, Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu mwingine kufungua shauri kwa niaba ya asiyeweza kujitetea mwenyewe, na hakuna ada inayotozwa kulifungua. Kwa hiyo hata wewe, jirani, unaweza kwenda Mahakama Kuu hapa Mombasa kuomba aletwe mbele ya jaji na safari yake isitishwe hadi ombi lake la hifadhi liamuliwe. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 inakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha au uhuru wake utakuwa hatarini. Barua kupitwa na wakati ni kasoro ya makaratasi. Haiifanyi Djibo kuwa salama.

Hizo fedha mlizochanga ziwekeni kwa ajili ya dhamana. Kwa wakili, jaribuni kwanza mashirika ya msaada wa sheria na haki za binadamu: Kituo cha Sheria, HAKI Africa au MUHURI.

Mama wa Likoni

Nakubaliana na mzee wangu, ila hilo la nchi ya jirani lisipuuzwe. Septemba 2025 Marekani iliwapeleka Ghana watu wa Afrika Magharibi, na baadhi yao wakapitishwa hadi makwao ingawa mahakama za Marekani zilikuwa zimewapa kinga. Ombi la kusitisha safari litaje kila nchi, si Burkina Faso peke yake. Kuhusu maandamano, mimi si mtu wa kuyaogopa, lakini picha na jina lake vikishaenea mtandaoni havirudi, na huko kwao ana wazazi. Asiyepaswa kuamua hilo ni sisi, aulizwe yeye.

Mkalimani

Nimekalimani mahojiano ya waomba hifadhi kwa Kifaransa, na jambo ninaloliona mara nyingi ni hili: kijana wa Kifulani hujibu "oui", yaani ndiyo, kwa adabu hata pale ambapo hakuelewa swali, na jibu hilo huandikwa kama ungamo. Tarehe nazo huzitaja kwa misimu, kabla ya mvua au baada ya mavuno, halafu afisa akizigeuza kuwa miezi, maelezo ya leo yanapingana na ya jana. Tafuteni msemaji wa Fulfulde, lugha ya Wafulani, akae naye, asikilize kisa chote kwa mpangilio wake mwenyewe na kukiandika bila kuongeza chumvi hata kidogo.

Mkumbukeni pia Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, ambao unamtambua kuwa mkimbizi hata yule aliyekimbia machafuko makubwa ya eneo lake, bila kulazimika kuonyesha kwamba alisakwa yeye binafsi. Barua ya imamu ina kazi yake kwenye dhamana, kwa kuwa inaonyesha ana makazi na watu wa kumsimamia. Haiwezi kushuhudia yaliyotokea Djibo.

Mkaazi wa Kisauni

Ahsanteni sana. Habari ya ubalozi tumeiacha, na kesho asubuhi tunaonana na wakili. Kinachokosekana sasa ni msemaji wa Fulfulde. Mwenye kumjua mtu hapa Pwani au Nairobi, hata wa kuzungumza kwa simu, naomba anitumie ujumbe wa faragha, na jina la kijana lisiandikwe hapa.