Wanafunzi wa vyuo vijijini: waje kutuhutubia, au waje kukaa nasi?

Wadau, kila vyuo vinapofunga hoja hii hurudi: kwamba wanafunzi wa vyuo vikuu walazimishwe kwenda vijijini kuwaelimisha wananchi juu ya uwajibikaji, maana wamesomeshwa kwa kodi ya mkulima. Kwamba deni lipo, sikatai. Ninachopinga ni namna ya kulilipa.

Walikuja kijijini kwetu, huku milimani Lushoto, mwaka juzi. Kosta mbili, fulana za rangi moja, bango na spika. Ilikuwa siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, watu wameshashika majembe kwenda kuzibua mfereji wa barabara ya zahanati, wakaambiwa waache waje uwanja wa shule. Kijana mmoja, mwenye adabu zake, akatufundisha karibu saa nzima kwamba mwananchi anapaswa kujitolea kwa maendeleo ya kijiji chake. Wazee wamekaa kwenye nyasi, majembe mapajani. Iliniuma sana.

Mama mmoja jirani yangu akanyoosha mkono. "Mwanangu, tulichangia elfu kumi kumi za choo cha shule. Mwaka wa pili huu hatujasomewa matumizi. Tufanyeje?" Kijana akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama chini. Jibu likawa kwamba hilo ni suala la uongozi. Saa nane Kosta zikaondoka, na mvua ya jioni ikaukuta mfereji vilevile.

Swali la yule mama lilikuwa na jibu. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile ya mamlaka za wilaya, inaupa Mkutano Mkuu wa Kijiji mamlaka ya juu kabisa pale kijijini, na mkutano huo ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi husomwa. Mtu aliyesoma chuo angetuambia hilo kwa dakika tano tungemshukuru mpaka leo.

Nchi hii imewahi kuelimisha vijiji vizuri. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza Redio Tanzania, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kiongozi wa kikundi alikuwa wa hapohapo. Kesho yake ungemkuta shambani, ungemuuliza tena.

Na kulazimisha tumeshakuona. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Mwalimu Nyerere akafukuza karibu 400. Mtu aliyeletwa kwa amri hawezi kumfundisha mwingine kujitolea.

Pendekezo langu: zile wiki za fildi, yaani mafunzo ya vitendo ya chuo, anayetaka aruhusiwe kuzifanyia ofisi ya kijiji, ikiwezekana kijiji alichozaliwa. Akae na mtendaji wa kijiji, ajifunze vitabu vya stakabadhi, asaidie kuandika mapato na matumizi kwa herufi kubwa na kuyabandika kwenye ubao wa matangazo. Ashike jembe siku ya msaragambo.

Najua pingamizi, na ni zito. Kijijini kwake mwenyekiti ni baba yake mdogo, na mtendaji ndiye atakayemjazia fomu ya tathmini. Atathubutu kuuliza stakabadhi ilipo? Nimelifikiria hili muda mrefu. Labda waende wawili wawili, mmoja mwenyeji na mmoja mgeni, na alama zitolewe na mwalimu wa chuo baada ya kuzungumza na wanakijiji wenyewe. Bado sijaridhika na jibu langu.

Nyinyi mliofanya fildi kwenye ofisi za vijiji, nisaidieni: mlifunguliwa vitabu, au mliwekwa kwenye benchi la nje?