Naomba ushauri: mara tatu nimeacha sukari, mara tatu nimerudi siku ya nne

Mlamba Kijiko (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nina miaka 38, kazi yangu ni ya kukaa kitini kutwa nzima mbele ya kompyuta. Sigara sivuti, pombe sinywi. Ugonjwa wangu ni vitu vitamu. Mwaka huu peke yake nimeapa mara tatu kwamba mimi na sukari basi, na mara zote tatu kiapo kimevunjika siku ya nne, utadhani kuna mtu ananihesabia.

Staili yangu ni ileile. Jumatatu naamka nakata kila kitu. Soda sigusi. Chai naacha kabisa, maana bila sukari haipiti kooni. Biskuti zangu nagawa. Chakula cha mchana naruka, nikiamini naisaidia kazi iende haraka. Siku ya kwanza najisifu. Siku ya pili kichwa kinagonga tangu asubuhi, huku nyuma ya macho, na nakuwa mkali hadi mke wangu ananiambia, "Baba, kanywe soda tu tupate amani." Siku ya tatu najikokota. Siku ya nne, saa nne usiku, watoto wamelala, mimi nimesimama jikoni gizani nakula biskuti zao. Taa sijawasha. Pakiti naifungua polepole isipige kelele. Mtu mzima na ndevu zake.

Hizo biskuti za usiku ndizo adui yangu. Naombeni mbinu za kuzishinda. Na je, hicho kichwa ni dalili kwamba nimeshakuwa teja wa sukari? Jingine dogo: siku hizi usiku nina kiu sana na naamka kukojoa mara mbili, lakini hilo nadhani ni umri.

Pilipili Kichaa

Hapo kwenye pakiti isipige kelele nimecheka mpaka nimeulizwa kuna nini. Nakaa hapa nisubiri ushauri, maana na mimi nina droo yangu ofisini ambayo haifunguliwi mbele ya watu.

Nesi wa Zamu

Mkuu, kabla ya biskuti turudi kwenye hilo "jingine dogo". Kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara usiku, kwa mtu anayekula sukari kama wewe, hatuiti umri. Inawezekana kabisa ni maji mengi unayokunywa jioni. Inawezekana pia ni kisukari. Huwezi kujua kwa kukisia, na sisi hapa hatuwezi kujua kwa kusoma.

Nenda kapime sukari ya damu asubuhi kabla hujala chochote, angalau saa nane tangu ulipokula mara ya mwisho. Ikisoma 7.0 (kwa kipimo cha mmol/L) au zaidi, watarudia kipimo kuhakikisha. Kama umepungua uzito bila sababu au macho yanaona ukungu, usingoje Jumatatu.

Asali Tupu

Kaka, suluhisho ni rahisi. Mimi niliacha sukari mwaka jana nikahamia asali. Ni ya asili, mwili unaipokea vizuri. Vijiko vitatu kila kikombe na sina shida yoyote.

Kokotoa

Asali Tupu, nakuheshimu ila umehama chumba, nyumba ni ileile. Kijiko cha chai cha sukari kilichosawazishwa ni kama gramu 4. Kijiko hichohicho cha asali kina karibu gramu 6 za sukari, kwa sababu asali ni nzito. Shirika la Afya Duniani linaihesabu asali, na juisi ya matunda pia, kwenye kundi moja na sukari ya mezani. Tunda zima ndilo haliko kwenye hesabu hiyo.

Mleta uzi, sina mbinu ya biskuti kwa sasa. Nina kazi ya nyumbani. Usiache chochote kwa siku tatu. Kunywa na kula kama kawaida yako, ila kila kinachoingia mdomoni kikiwa kitamu, andika. Chai unayotia sukari, weka kikombe kitupu kwenye mizani ya jikoni, tia vijiko vyako kama unavyotia siku zote, soma gramu. Soda na biskuti soma nyuma ya pakiti. Angalia kama wameandika kwa gramu 100 au kwa kipande, hapo ndipo watu wengi wanapigwa. Jumla gawanya kwa 4 upate vijiko. Rudi na namba.

Asali Tupu

Kwa hiyo vijiko vyangu vitatu vya asali ni vinne na nusu vya sukari? Ngoja nikae chini kwanza.

Mzee wa Kahawa

Nataka kuongelea kichwa, kwa sababu kila mtu atakuambia ni "sukari inatoka mwilini" na utaogopa bure.

Soma tena ulichoandika. Unakata soda na unakata chai siku moja. Chai ina kafeini, kile kichangamsho kilichomo pia kwenye kahawa. Soda yako kama ni ya kola nayo ina kafeini. Mtu aliyezoea kafeini kila siku akiikata ghafla, kichwa huanza kati ya saa 12 na 24 baadaye, kinafika kilele siku ya kwanza au ya pili, na pamoja nacho huja uchovu na hasira. Hizo ni siku zako za pili na tatu kabisa, hujakosea hata moja. Unaacha vitu viwili halafu lawama zote unampa mmoja.

Mimi nilipunguza kahawa kwa mkupuo na nikadhani nina uvimbe kichwani. Nilikuwa nimeshaanza kuwaaga watu.

Kwa hiyo usiache chai. Acha sukari iliyo ndani ya chai, tena kidogokidogo.

Mlamba Kijiko (mleta uzi)

Mzee wa Kahawa, umenifumbua macho. Soda yangu ni ya kola, ndiyo. Na sijawahi hata siku moja kuiwazia chai. Nesi, nimekusikia, nitaenda Alhamisi. Kokotoa, mizani nimeazima.

Mama Pacha

Mdogo wangu, kuna kitu wanaume hamkioni. Umesema mchana unaruka chakula, halafu unashangaa saa nne usiku unakula gizani. Huo siyo uchu, hiyo ni njaa iliyokuja kudai deni lake. Mwili uliokosa chakula mchana hautamani mchicha, unatamani kitu cha haraka, na kitu cha haraka ni kitamu.

Nilipokuwa nanyonyesha pacha wangu nilikuwa nalala kwa vipande, saa moja hapa, saa moja pale. Kipindi kile ningeweza kula sukari kwa kijiko, na nilikula. Nilijiona mlafi hadi niliposhangaa kwamba wiki walizoanza kulala usiku kucha, hamu ikapungua yenyewe bila mimi kupigana nayo. Usingizi mchache unaongeza njaa, na njaa yake inapenda utamu. Unalala saa ngapi wewe?

Kula mchana, tena chakula chenye kushika: mayai au maharage au samaki, mboga, na hicho cha wanga unachokipenda. Saa kumi ikikubana, karanga kiganja kimoja au tunda. Ukishafanya hivyo wiki moja ndipo uniambie kuhusu biskuti. Na hizo biskuti usizifiche wala usiziogope. Kama utakula, chukua mbili, weka kwenye sahani, washa taa, kaa. Ukila umesimama gizani huwezi kujua umekula ngapi.

Meno 32

Nafanya kazi kwa daktari wa meno. Kuhusu soda, swali langu ni moja: unaimaliza kwa muda gani?

Mlamba Kijiko (mleta uzi)

Naiweka mezani tangu saa nne asubuhi, nanywa funda moja moja mpaka saa nane. Nilidhani ndiyo kuipunguza.

Meno 32

Nilijua. Bakteria wa mdomoni wakipata sukari wanatengeneza asidi, na mate yanahitaji nusu saa hivi au zaidi kuituliza. Wewe kila baada ya dakika chache unawaletea funda jipya, kwa hiyo meno yako yako kwenye asidi saa nne mfululizo. Kwa jino, idadi ya mara unazoligusa na sukari ina uzito kuliko hata kiasi. Kama lazima unywe, kunywa na chakula, maliza, sukutua kwa maji. Mswaki subiri nusu saa, maana soda yenyewe pia ni asidi na jino linakuwa limelainika juu. Biskuti za saa nne usiku halafu kitandani bila mswaki, hapo sisemi kitu.

Insulini Mfukoni

Naomba niwaongezee wasomaji wengine, siyo mleta uzi. Kama unatumia insulini, au vidonge vya kisukari vya aina inayoweza kushusha sukari kupita kiasi, usije ukasoma uzi huu ukakata wanga na sukari kwa mpigo. Dozi yako ilipangwa kwa chakula unachokula. Ukibadilisha chakula bila kumwambia daktari, sukari inaweza kushuka ukatetemeka, jasho likakutoka, ukaanza kuongea maneno hayaeleweki. Mimi nimeanguka kwenye ngazi za kazini namna hiyo. Ikitokea, kama gramu 15 za sukari ya haraka, soda ya kawaida au juisi, pima tena baada ya dakika 15. Kwetu sisi sukari ni dawa siku hiyo.

Mlamba Kijiko (mleta uzi)

Wakuu, nimerudi na namba na nina aibu.

Vijiko vyangu vitatu vya chai, nilivyozoea kutia, mizani imesoma gramu 19. Siyo 12. Nilirudia mara mbili nikidhani mizani mbovu, kisha nikakiangalia kijiko: kila nikichota kina mlima juu. Vikombe vinne kwa siku, gramu 76. Soda ya nusu lita, gramu 53. Biskuti za usiku, nne, kila moja gramu 3, jumla 12.

Jumla kuu 141. Kama vijiko 35.

Yaani adui yangu niliyekuwa nawinda gizani ni gramu 12, na chai niliyokuwa nakunywa mchana kweupe mbele ya kila mtu ni 76.

Kokotoa

Hiyo ndiyo sababu niliomba namba kwanza. Sasa kiwango: Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya namna hii isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu wa kalori 2,000 ni gramu 50. Ikishuka chini ya 25 ni bora zaidi. Wewe uko 141, kwa hiyo usianze kugombana na biskuti.

Wiki ya kwanza usipunguze kijiko hata kimoja. Tia vitatu vilevile, ila kila kimoja kisawazishe kwa mgongo wa kisu. Umeshaokoa gramu 7 kila kikombe, 28 kwa siku, na ulimi hautapiga kelele sana. Kisha kila wiki shusha nusu kijiko. Ulimi unazoea, mpe muda tu.

Pilipili Kichaa

Vipi vile vidonge vya utamu visivyo na sukari? Si angetia hivyo akamaliza kazi?

Nesi wa Zamu

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasivitegemee kwa ajili ya kupunguza uzito, ingawa ushauri huo haukuwahusu wenye kisukari tayari. Kwa maoni yangu, vinaweza kumsaidia mtu kuvuka wiki mbili za mwanzo za kuacha soda. Ila ulimi unabaki umezoea utamu uleule, na yeye shida yake iko hapo.

Mlamba Kijiko (mleta uzi)

Mrejesho, wiki ya nne.

Kipimo kilisoma 5.2, daktari akasema ni kawaida na nirudi mwakani. Kiu ya usiku ilikuwa chumvi: nilikuwa nakula karanga za chumvi mbele ya televisheni na kuzishushia maji nusu jagi. Mama Pacha, ulisema karanga, hukusema za chumvi, kosa langu lilikuwa hapo kabla hata hujasema.

Chai niko kijiko kimoja na nusu, bila mlima, gramu 6. Kichwa hakijauma hata siku moja safari hii. Soda imebaki Jumamosi, na chakula. Mchana nakula. Kulala ndiyo bado, saa sita za usiku zinanikuta kwenye simu.

Wiki ya pili niliteleza, kulikuwa na keki ya mwenzetu kazini, nilikula vipande vitatu na siku iliyofuata nikarudi kwenye kijiko changu kama hakuna kilichotokea. Zamani ningesema kiapo kimevunjika na ningemaliza mwezi.

Biskuti bado nakula. Mbili, wakati mwingine tatu, kwenye sahani. Mke wangu sasa anakaa na mimi, na za kwake ni nne.

Asali Tupu

Nimeshuka hadi kijiko kimoja cha asali. Sitaki maswali.

Mgeni Mlangoni

Samahani nimechelewa, nimesoma uzi wote. Hicho kijiko cha gramu 4 ni kile cha chai au cha kulia chakula?

Kokotoa

Cha chai. Na mgongo wa kisu usisahau.