Tupeane uzoefu: ulitoka kisiwani Mombasa ukahamia wapi, na mtaa umekupokeaje?

Mtoto wa Majengo
Salaam aleikum wenzangu. Mimi ni wa Majengo, nimezaliwa na kulelewa hapa. Sasa nimeoa, chumba hakitutoshi, na gorofa za Tudor na Ganjoni zina wenyewe. Wengi wenu mshavuka zamani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 Mombasa nzima. Sisi wa Mvita, yaani kisiwani, tulikuwa 154,171 tu, na Kisauni peke yake 291,930. Kwa hiyo mtu akisema Mombasa siku hizi, azungumzia bara zaidi, yaani ng'ambo ya kisiwa. Kodi nitaambiwa na dalali. Nyinyi niambieni yale ambayo dalali hayasemi.

Mama Kiembeni
Karibu bara, mwanangu. Kabla ya kodi uliza maji. Huku twakaa juu ya mwamba wa matumbawe. Mtu akichimba kisima maji anapata, lakini mara nyingi ni ya chumvi: sabuni haitoi povu, birika laota ukoga mweupe. Maji matamu yatoka mbali, chemchemi za Mzima kule Tsavo na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na miji ya njiani inakunywa kabla yetu. Mferejini yaja kwa zamu, na zamu yenyewe hupenda usiku wa manane, kwa hiyo kila nyumba ina mtu mmoja asiyelala vizuri. Kwangu ni mimi. Siku isiyo zamu wamwita wa mkokoteni na mitungi yake ya lita 20, na bei anapanga yeye akikutazama uso.

Ukienda kuangalia nyumba, tazama matangi. Ploti nzuri ina mawili, moja la chumvi la kuogea na chooni, jingine la maji ya kunywa na kupikia. Tazama pia kisima na shimo la choo vimeachana vipi. Kisha waulize wapangaji, si keateka, yule mtunza nyumba. Keateka atakwambia maji hapa hayakatiki, na nyuma yake mitungi ya manjano imepanga foleni.

Timbwani Boy
Mimi wa Likoni. Kodi nafuu, na feri kwa mwenye miguu ni bure, hilo kweli. Lakini utaishi kwa saa ya kivuko. Jioni umati wa watu wafika mpaka barabarani, na kuikosa feri moja ukangoja nyingine ni kawaida. Mchana si neno. Usiku ukipewa rufaa ya Makadara, hospitali kuu kule kisiwani, na mgonjwa yuko mikononi, ndipo utajua bahari ni bahari. Wenye magari wana barabara ya Dongo Kundu sasa, watoka Miritini wapita madaraja ya Mwache na Mteza watokea Kibundani bila kupanda feri. Sisi wa miguu yatuhusu nini?

Ila upepo wa Likoni siubadilishi na gorofa ya mtu.

Mikindani Kwetu
Mimi huwa nasema kaa upande ulio na riziki yako, basi. Nafanya kazi bandarini, Kipevu, kwa hiyo Mikindani kwangu ni sawa. Asubuhi wenzangu wa Bamburi bado wako njiani, mimi nishakunywa chai na mahamri yangu. Lakini ubaya wake ni malori. Barabara ya Nairobi haina usiku, makontena yanapita saa zote, na vumbi unalipangusa asubuhi ukilikuta tena adhuhuri. Mwenye mtoto wa kifua atafute nyumba iliyojificha ndani, mbali na barabara.

Mzee wa Kisauni
Hao wamekwambia ya kupanga. Mimi nakwambia ya kununua, maana utakaa kidogo halafu utataka chako.

Nyumba bila ardhi waijua, wewe ni wa Majengo: ukuta wako, bati lako, udongo wa mwingine, na kila mwezi wamlipa mwenye udongo. Huko kisiwani kila mtu ajua ni hivyo. Huku bara wageni hawaulizi, na muuzaji hana haja ya kuwaambia. Mzizi wake ni wa kale. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati za ardhi za Pwani. Aliyedai na kuthibitisha alipewa hati, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Wengi waliokuwa wakilima hawakudai, au hawakujua pa kudai. Leo wajukuu wao waitwa maskwota, yaani wakaao bila hati, na makaburi ya babu zao yako papo hapo.

Jirani yangu aliuziwa ploti kwa karatasi iliyoandikwa mkono, mashahidi wapo, mihuri ipo. Akajenga vyumba, akapangisha, mambo mazuri. Siku moja akaja mtu na hati ya shamba zima, na askari. Akaambiwa achague, aununue udongo upya au abebe mabati yake. Alinunua upya, kwa bei ya ploti yenye nyumba juu yake. Na bado alikuwa na bahati, maana wengine hawapewi la kuchagua. Kwa hiyo fanya sachi, yaani waangalize mwenye hati ni nani, ofisi ya ardhi kwa namba ya ploti, usitafute kwa jina la muuzaji, na siku ya kulipa fanya nyingine. Asiyekuwa na namba ya kukupa, mpe mkono wa buriani.

Shoga wa Mtwapa
Mtwapa hamjaitaja na nusu yenu mko huku! Nyumba mpya, nafasi, soko. Lakini jueni mkivuka daraja la Mtwapa mshaingia Kilifi. Kazi yangu iko Mombasa, kura yangu Kilifi, na mtoto akitaka basari ya kaunti fomu ni za Kilifi. Mwenye biashara naye aangalie leseni yake ni ya upande gani.

Mtoto wa Majengo
Shukran nyote, na mzee wangu Mungu akuweke. Mke wangu anauza soko la Kongowea, anaamka alfajiri. Mimi niko Mwembe Tayari. Sasa tumfuate nani?

Mikindani Kwetu
Mfuate anayeamka mapema. Wewe asubuhi utapambana na daraja la Nyali kama wanaume wengine.

Mama Kiembeni
Hapa ninapokaa kuna chumba na sebule kinatoka mwisho wa mwezi. Matangi mawili, nimeyachungulia mwenyewe. Mpaka Kongowea ni matatu moja. Lakini mwambie mkeo mapema kwamba mwenye nyumba hataki jiko la makaa ndani ya ploti.

Mtoto wa Majengo
Mama, na mbaazi zitaiva kwa jiko gani?