Mashine ya FBP ni nzima, programu ndiyo imetufunga! Hawa wasambazaji wanatuona mazuzu?

Wakuu, niko maabara ya hospitali moja huku mkoani na leo sina upole.

Mashine yetu ya FBP, ile ya kuhesabu chembe za damu, inapima vizuri kabisa, kontroli (sampuli ambazo majibu yake yanajulikana) zinakaa ndani ya kiwango kila asubuhi. Iliyokufa ni kompyuta ya pembeni inayopokea majibu yake, ya Windows XP, ile ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Aprili 2014. Tukapewa mpya yenye Windows 11. Nikampigia msambazaji aje aweke programu. Jibu lake: "Hiyo mashine imeshapitwa, ombeni bajeti ya nyingine." Yaani redio imekatika antena, unaambiwa uvunje nyumba!

Tukarudi kunakili majibu kwa mkono kutoka kwenye vile vikaratasi vya printa vinavyofifia hata kabla mgonjwa hajaruhusiwa. Wiki ya pili, HGB (wingi wa damu) 5.1 ikaingia kwenye faili kama 15.1. Pona yetu, daktari alimfunua mtoto viganja akaona vyeupe pee, akarudisha fomu. Mimi ndiye niliyeandika. Usiku ule sikulala.

Ndipo nikaanza kuhangaika mwenyewe. Kompyuta mpya haina poti ya pini 9, nikaagiza adapta ya USB kutoka Kariakoo. Kuchomeka tu, alama ya njano kwenye Device Manager, na maneno kwamba chipu ya PL2303HXA imeondolewa tangu 2012, wasiliana na aliyekuuzia. Aliyeniuzia hapokei simu. Nikapata nyingine yenye chipu ya FTDI, hiyo ikakubali.

CD ya programu nayo, faili la kusakinishia ni la biti 16. Windows 11 ni ya biti 64 tu, hailigusi hata uipigie magoti. Na msije kuniambia niendeshe XP ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta. TEHAMA wamekataa XP isisogelee mtandao wa hospitali, na wapo sahihi.

Nikaiacha programu yao, nikafungua PuTTY, programu ya bure inayoonyesha kinachopita kwenye poti, nione mashine yenyewe inasema nini. Nikaweka kasi ya 9600, biti 8, bila pariti (biti ya ziada ya kukagua makosa), nikapitisha sampuli. Maandishi yakaja, ila nusu ni madudu. HGB inasomeka safi, WBC (chembe nyeupe) imebaki B peke yake katikati. Tarakimu 0, 3, 5, 6 na 9 zinatoka vizuri, lakini 1, 2, 4, 7 na 8 zote zimeharibika, kila sampuli zilezile. Kebo mbovu haichagui tarakimu! Nikachukua kalamu nikaziandika kwa 0 na 1: zinazoharibika zote zina idadi witiri ya hizo 1. Kumbe mashine inatuma biti 7 na pariti shufwa, yaani idadi ya 1 ikiwa witiri inaongeza moja iwe shufwa, na ile biti ya pariti kompyuta inaisoma kama sehemu ya herufi. Nikabadilisha sehemu mbili tu. Sampuli iliyofuata ikashuka yote kwenye skrini, kuanzia WBC mpaka PLT (chembe sahani), haina doa. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Jioni mbili, wakuu. Kwa adapta na programu ya bure. Na huyu bwana anayelipwa mkataba wa matengenezo kila mwaka alishindwa kuniambia "weka 7, pariti shufwa" kwenye simu!

Sasa nimemwomba waraka unaoeleza mpangilio wa data, nijue kipi ni namba ya sampuli na kipi ni alama za tahadhari, ili kijana wetu wa TEHAMA aingize majibu moja kwa moja kwenye mfumo. Kasema ni siri ya kampuni. Siri gani, wakati damu ni ya wagonjwa wetu na mashine tumeinunua?

Mwenye mashine ya FBP ya zamani inayotuma kwa biti 7, ulipataje huo waraka? Au uliukokotoa mwenyewe kwa kulinganisha na karatasi? Njoo PM, picha za skrini ninazo.