Ofisi iliyo juu ya chumba cha transfoma: tuikinge vipi na uga sumaku?

Muulizaji
Habari za kazi, ndugu zangu. Ofisi yetu ya kurekodi masomo ya sauti, hapa Dar es Salaam, imekaa juu kabisa ya chumba chenye transfoma ya kVA 500 na ubao mkuu wa umeme wa jengo. Nikishusha maikrofoni karibu na sakafu kwenye kona ya mashariki, inanguruma. Nikiigeuza robo duara palepale, mngurumo unakaribia kupotea. Kipimo cha uga sumaku (nguvu ya sumaku inayozizunguka nyaya zenye umeme) tulichoazima kilisoma maikrotesla 9 sakafuni na 3 usawa wa kiti. Mwenzetu mjamzito ana wasiwasi, na muuzaji mmoja anatushauri tutandike karatasi za madini ya risasi sakafu nzima. Je, zitafaa?

Mhandisi wa majengo
Ndugu, usinunue risasi. Inazuia eksirei, lakini uga sumaku wa hezi 50, yaani wa umeme wa kawaida wa jengo, hupita ndani yake karibu kana kwamba haipo, na zege nalo ni hivyohivyo. Kinachofaa ni bamba la chuma cha silikoni, ambalo huuvuta uga upite ndani yake, au bamba nene la alumini lililochomelewa viungo vyote, maana mikondo inayozaliwa ndani yake ndiyo inayoupinga uga. Foili ya jikoni haisaidii kitu. Bamba lifungwe kwenye dari ya chumba cha transfoma, hasa juu ya pau za shaba zinazotoka upande wa volti 415, kwa kuwa transfoma hiyo ikibeba mzigo wake wote hupitisha humo karibu ampea 700 kwa kila fezi (waya unaoleta umeme).

Kuhusu mama mjamzito: kikomo cha ICNIRP (tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi isiyoayonisha) cha mwaka 2010 kwa umma ni maikrotesla 200, nanyi mko chini sana. Ni kweli kwamba mwaka 2002 IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, iliuweka uga huu katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa sababu ya tafiti za leukemia (saratani ya damu) ya watoto majumbani. Mhamishieni kiti chake. Ombi lake ni la haki na halina gharama.

Fundi umeme, Tanga
Kabla ya bamba, naomba fundi mwenye leseni azungushie mita ya kubana (inayopima mkondo kwa kuuzunguka waya) nyaya zote za fezi pamoja na nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, kwa mpigo mmoja. Mikondo ikilingana, mita husoma karibu sifuri. Ikisoma ampea kadhaa, basi kuna umeme unaorudi kwa njia nyingine, mara nyingi kwa sababu mtu aliunganisha nyutro na ethi (waya wa ardhini) kwenye ubao wa ghorofani. Ampea 10 za namna hiyo hutoa maikrotesla 2 umbali wa mita moja, na uga wake hufifia polepole kuliko ule wa nyaya zilizolingana.

Muulizaji
Asanteni sana. Mita ilisoma ampea 11 kwenye kebo inayopanda karibu na kona ileile, na waya ulioleta kosa ulikutwa ghorofa ya tatu. Umeme ulizimwa, na waya huo ukaondolewa. Sasa kiti kinasoma 1.2 na sakafu 6.5. Dada amehamia upande wa magharibi, nasi tumeipeleka huko meza ya kurekodia. Je, bamba bado linahitajika?

Mhandisi wa majengo
Kwa matumizi hayo, hapana. Kona hiyo ifanyeni stoo ya karatasi, na mpime tena siku ya joto kali saa nane mchana, viyoyozi vyote vikiwa vinafanya kazi.