Wazazi wote ni weupe, mbona watoto wametoka weusi?

Mfugaji, Malindi:
Assalamu alaikum. Nina sungura wawili wa Angora, wote weupe. Jike ana macho ya buluu na dume ana macho mekundu. Niliwapandisha nikitaka sufu nyeupe ya kutia rangi mwenyewe, lakini baada ya siku 31 jike alizaa watoto sita, na manyoya yalipoanza kuchomoza wote wakawa weusi, mmoja akiwa na doa jeupe kwenye paji la uso. Aliyeniuzia aliniapia kuwa dume ni halisi. Je, nimedanganywa?

Mfugaji, Langoni, Lamu:
Wa alaikumu salaam, ndugu yangu. Usimshuku muuzaji, kwani weupe wa dume na weupe wa jike hautokani na sababu moja. Dume ni zeruzeru: mwili wake hautengenezi rangi kabisa, na wekundu wa macho ni damu inayoonekana ndani ya jicho. Jike ana weupe wa Vienna, unaozuia rangi isifike kwenye manyoya na kwenye duara linalozunguka mboni, ingawa nyuma ya jicho rangi ingali ipo. Kila jeni kati ya hizi kwa kawaida hujificha mpaka mtoto airithi kwa baba na kwa mama pia. Wako wamepata moja ya kila aina, hivyo weusi umejitokeza. Lile doa ni alama ya Vienna iliyorithiwa upande mmoja. Watakapofumbua macho, kwenye siku ya kumi au ya kumi na mbili, mtazame huyo kwa makini, kwa maana huenda ukaona kipande cha buluu ndani ya jicho la kahawia.

Mfugaji, Malindi:
Nimefarijika mno. Nitawapataje weupe wenye macho ya buluu?

Mfugaji, Langoni, Lamu:
Mpandishe dume mmoja mweusi kwa mama yake, mara hiyo moja tu, na utarajie karibu nusu ya watoto wawe hivyo. Usimrudishie baba binti zake, kwa sababu uzeruzeru hufunika buluu yote.

Bi mfugaji, Malindi:
Mwanangu, ngoja kusi. Joto la kaskazi likipita nyuzi 30, mbegu za dume hudhoofika, na Angora mwenye sufu ndefu huteseka; mnyoe kwanza.