Nataka kuingiza mtumba dukani kwangu, mama hataki hata kusikia. Naombeni ushauri

Binti wa Nyegezi:
Habari za jioni wakuu. Nina duka la nguo za kike hapa Mwanza, mwaka wa nne sasa. Mzigo nafuata Kariakoo, magauni ya Kituruki na ya Kichina. Mwanzo lilitembea vizuri. Tangu mwaka jana mteja anaingia, anashika gauni, anavutavuta kitambaa kwa vidole, analiachia. "Hili nikilifua mara mbili limekwisha. Huna mtumba grade one?" Na wanaouliza hivyo wana hela zao: mwalimu, nesi, dada wa benki kapaki gari nje. Zamani mtu akivaa mtumba alidai kanunua dukani. Siku hizi ukimsifia anakwambia mwenyewe, "La mtumba hili, hutalikuta kwa mtu mwingine."

Nikawaza nichukue belo moja la blauzi nijaribu. Shida ni mama. Alitusomesha wote wanne kwa mitumba. Alfajiri yuko soko la Mlango Mmoja belo likifunguliwa, anachagua, kisha anatembeza begani mpaka Igoma, jua la saa saba. Kuna nyumba walimwambia apeleke huko nguo zake za kafa Ulaya. Kodi ya kwanza ya fremu yangu ilitoka kwenye kikoba chake. Nilipomgusia alinyamaza, akaendelea kuchambua mchele, halafu akasema, "Sikutembea jua lote lile ili na wewe uuze nguo za watu."

Je, nichanganye mtumba na nguo mpya kwenye duka moja? Na mama niongee naye vipi? Nampenda sana, sitaki kumuumiza.

Mzee wa Belo:
Dada, nipo soko la Karume, Dar, mwaka wa 11. Usihesabu kilo, hesabu vipande vinavyouzika. Belo la kilo 45 la blauzi nililofungua mwezi uliopita lilitoa vipande 210. Vya grade one vilikuwa 58, na hivyo ndivyo vilivyorudisha mtaji. Vya mwisho nilivimwaga chini kwa mafungu. Wewe mwenye fremu huna pa kumwaga, kwa hiyo belo zima achana nalo. Nenda kwa waliofungua, lipa bei ya juu kwa kipande, chukua kizuri tu. Kila nguo igeuze ndani nje: kwapa, zipu, upindo. Suruali iinue juani utazame makalio, kitambaa kikichoka mwanga unapita. Nguo za ndani usiguse, TBS, wale wa shirika la viwango, walishazipiga marufuku.

Mtoto wa Mwatex:
Naomba nitofautiane nanyi. Baba yangu alifanya kazi Mwatex, kiwanda cha nguo cha hapa Mwanza, nilisoma kwa mshahara wa kiwanda kile, na mitumba ni mojawapo ya vitu vilivyotumaliza. Inaniuma kuona tunaishangilia. Halafu biashara hii inategemea maamuzi ya wakubwa. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba ifikapo 2019. Marekani ikatishia kututoa AGOA, ule mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, wengi wakarudi nyuma. Rwanda ilishikilia, ikapandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 nguo zake zikapoteza nafuu ya AGOA. Lolote linaweza kurudi. Usiweke mtaji wote huko.

Wa Gikomba:
Ndugu yangu, uchungu wako nauelewa, hata huku viwanda vilifungwa. Lakini lile gauni la Kichina analouza sasa pia halikushonwa Mwanza. Dadangu, huku Nairobi zile za kwanza tunaziita kamera, mabaki ni fagia. Wateja wangu wa kamera ni watu wa ofisi, wananunua kwa picha za WhatsApp kabla sijafika kibandani. Piga picha mchana, onyesha na kasoro, andika vipimo kwa sentimita, maana saizi ya Uingereza na ya Marekani hazilingani.

Mama Wawili:
Mdogo wangu, tenga kona na uandike wazi MTUMBA. Mimi nilishauziwa koti la mtumba lililoshonewa lebo mpya, kwa bei ya jipya. Nililipenda lile koti, ningelinunua hata kama angeniambia ukweli. Dukani kwake sijarudi.

Kuhusu mama, usimpelekee hesabu za faida. Yeye anakumbuka ile milango aliyofukuzwa. Mwambie hujui kuchagua, na ni kweli hujui. Mwombe mwende wote Mlango Mmoja.

Binti wa Nyegezi:
Wakuu, nimerudi. Nilimwambia kama alivyoshauri Mama Wawili. Hakujibu kitu. Jumamosi saa kumi na moja alfajiri nasikia mlango, kumbe kashavaa kitenge na raba, ananisubiri.

Sokoni wapo wanaomkumbuka, wanamwita mama Mwalimu kwa sababu ya kaka yetu mkubwa. Mimi niliokota blauzi 9, akanikatalia 4. Moja ilikuwa ya hariri, rangi ya zambarau, nimeipenda kweli. Akaigeuza, akapitisha kidole chini ya kwapa, akavuta kidogo, uzi ukaachia. "Mtu atainua mikono kanisani kavaa hii. Unataka aaibike?" Yeye alitoka na vipande 23, na hakuna hata kimoja ambacho ningekiona kwenye lile rundo.

Nimetenga kona karibu na kioo, nimeandika MTUMBA kwa herufi kubwa. Jana zimeuzwa 6. Mama hajasema amekubali, nami sijamuuliza. Amezifua na kuzipiga pasi mwenyewe, na kuzitundika kwa rangi, nyeupe mbele. Mzee wa Belo, nakuja PM kuhusu suruali.